Vyumba vya Wanafunzi: Tulipokosea na Tulivyorekebisha

(Maneno tuliyosema mbele ya wana vikundi vya kujisaidia kutoka Migori na Homa Bay)

  Tumeombwa tuzungumze juu ya nyumba za kupanga karibu na vyuo, kwa sababu vikundi vingi siku hizi vinaandika jambo hilo hilo moja katika mipango yao: kujenga vyumba vya wanafunzi. Zamani kila kikundi kilitaka kuku. Halafu ikawa poshomili, halafu viti na hema za kukodisha kwa matanga na harusi. Sasa ni vyumba. Hatusemi ni vibaya. Sisi wenyewe tunavyo kumi, huku upande wa Rongo, na ndivyo vinavyotulipia mambo mengi.

Lakini sisi si wataalamu. Tulijenga, tukapata, tukapoteza, na mengine tuliyafanya ambayo hatupendi kuyataja mbele ya watu. Leo tutayataja, maana mkienda kujenga bila kuyasikia mtayarudia.

Wengi wenu mnakumbuka wakati ambapo mtoto wa huku akiitwa chuo kikuu alikuwa apande basi aende Nairobi, Eldoret au Njoro. Mzazi aliuza ng'ombe, akafunga sanduku, na mambo ya mahali pa kulala aliyaacha kwa chuo. Siku hizo zimepita. Mwaka 2011 Rongo ilipata chuo kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2016 kikapewa hati yake kikawa Chuo Kikuu cha Rongo, kampasi kuu ikiwa pale Kitere. Mwaka huo huo wa 2016 Homa Bay ikapata chuo cha Tom Mboya chini ya Maseno, nacho mwaka 2022 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Ongezeni hapo KMTC, yenye kampasi Homa Bay na Migori pia, na chuo cha ufundi cha Mawego. Watoto ni wengi kuliko vitanda vya mabweni. Waliobaki wanalala wapi? Wanalala kwetu.

Tom Mboya huyo wa Rusinga, ambaye chuo kimepewa jina lake, alikuwa mmoja wa waliopanga safari ya mwaka 1959 ya kuwapeleka vijana 81 Marekani kwa ndege moja. Vijana wale walifika ugenini wakahitaji watu wa kuwafungulia milango, na watu walipatikana. Sasa zamu ya kufungua milango ni yetu, ila sisi tunatoza kodi.

Basi tuanze na jinsi tulivyoingia. Tulikuwa akina mama 17 na wazee 5, tukiweka akiba kila Alhamisi. Mmoja wetu alikuwa na kipande cha shamba kando ya njia wanayopita wanafunzi. Kilikuwa cha miwa. Nanyi mnaijua miwa: unapanda, unangoja mwaka mmoja na nusu au zaidi, halafu unangoja trekta, halafu unangoja pesa. Mwenzetu alichoka kungoja. Tukakubaliana atoe ardhi, kikundi kitoe mawe, simiti na mabati, na mapato tugawane. Tuliongeza mkopo juu ya akiba yetu. Makubaliano hayo tuliyafanya kwa mdomo, chini ya mwembe, tukala na chapati. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na tulibahatika tu kwamba mwenye shamba ni mtu muungwana na wanawe pia. Kikundi kingine tunachokijua hakikubahatika hivyo: mzee alifariki, vijana wake wakasema hawajui kikundi chochote, na nyumba ikabaki kwao. Kwa hiyo kabla ya jiwe la kwanza, andikeni. Mke wa mwenye shamba aweke sahihi, na watoto wakubwa wajue. Nendeni ofisi ya ardhi mkatafute hati ile ni ya nani hasa, maana mara nyingi bado iko kwa jina la babu. Na kama ni kununua shamba la kilimo, maombi yapelekwe kwa bodi ya ardhi ndani ya miezi sita tangu mlipoandikiana. Bila kibali cha bodi ununuzi huo hauna nguvu.

Vyumba vilijaa mwezi ule ule tuliomaliza kupaka rangi. Wanafunzi walikuja hata kabla ya madirisha kuwekwa vioo. Tukaona kweli tumepata ng'ombe asiyehitaji nyasi.

Sasa tuwaambie kuhusu msichana wa chumba namba sita.

Jina lake tutaliacha. Alitoka upande wa Kuria, mwaka wa pili, mtoto mtulivu, anaamka mapema, anafagia hata mbele ya mlango wa jirani. Muhula ule kodi yake ilichelewa. Alisema pesa ya HELB haijaingia, na wengine wengi walisema hivyo hivyo. Sisi tulikuwa na mkopo wa kulipa kila tarehe 5, na mkopo haujui HELB. Katika kikao mmoja wetu akasema, "Hawa watoto wametuzoea." Tukapiga kura. Tuliamua kwamba kila aliye na deni la miezi miwili afungiwe mlango mpaka alipe. Kijana wetu wa kulinda ploti alinunua kufuli tatu mpya.

Kufuli moja ikaenda namba sita, saa kumi na mbili jioni, msichana akiwa maktaba. Nguo zake zilikuwa ndani, vitabu ndani, unga ndani, na kadi yake ya mtihani ndani. Mtihani ulikuwa kesho yake asubuhi. Alirudi akakuta kufuli, akampigia simu mwenyekiti wetu. Mwenyekiti alikuwa matangani na simu ilikuwa imezimika. Akabisha kwa mama anayekaa nyuma ya ploti, mwanachama wetu pia, akasema, "Mama, nisaidie nitoe tu kadi." Mama akamjibu, "Nyathina, ufunguo si wangu." Na kweli haukuwa wake. Lakini alipotusimulia baadaye alilia, na sisi hatukuwa na la kumwambia.

Alilala kwa rafiki. Asubuhi mtihani ulimpita.

Siku ya tatu baba yake akafika. Tulitarajia matusi. Mzee alikuja na kofia mkononi, akasalimia kila mtu, akaketi, akaomba aonyeshwe deni. Tukasema ni miezi miwili. Akasema, "Nionyesheni kitabu." Kitabu hakikuwepo. Kulikuwa na karatasi ya mweka hazina wetu, yenye majina na alama za tiki. Mzee akatoa simu ya mtoto wake, akasoma ujumbe wa M-Pesa: kodi ya mwezi mmoja kati ya ile miwili ilikuwa imetumwa, siku na saa vikionekana, kwa simu ya mweka hazina wetu wa zamani. Tulikuwa tumebadilisha viongozi katikati ya muhula na hatukuwaambia wapangaji wote. Pesa ilikwenda kwa yule wa zamani, naye, anavyosema, alidhani ni ya deni lingine.

Kumbe deni lilikuwa la mwezi mmoja tu. Hata kwa sheria yetu wenyewe, ile kali, mlango ule haukustahili kufungwa.

Mzee alilipa mwezi uliobaki, shilingi kwa shilingi, akauliza risiti. Hatukuwa nayo. Akabeba godoro la mtoto wake kichwani mpaka barabarani. Mwisho wa muhula vyumba vinne vikahama. Hakuna aliyetutukana. Wanafunzi huambiana tu, na wanafunzi wapya wakaambiwa, kwa wale akina mama msiende.

Tumelieleza hili kwa urefu kwa sababu watu hudhani biashara ya vyumba huangushwa na wapangaji wabaya. Wapo wabaya, tutawafikia. Lakini sisi tuliangushwa na karatasi ya tiki.

Kilichofuata kilikuwa kigumu ndani ya kikundi. Watano walitaka kutoka. Wengine walisema mweka hazina wa zamani ashtakiwe. Mwishowe tulikubaliana kwanza tujue hasara ni kiasi gani. Tuliwaita wapangaji wote, mmoja mmoja, na simu zao, tukaandika kila ujumbe wa malipo tangu mwaka ulipoanza. Ilichukua Jumamosi mbili. Tulikuta makosa ya kila upande: waliolipa tukawadai, na wasiolipa tukawasahau. Mweka hazina wa zamani alirudisha kidogo kidogo mpaka akamaliza. Bado ni mwanachama, na ndiye anayetupikia chai ya kikao.

Sasa tunafanya hivi. Kodi haitumwi kwa simu ya mtu. Inaingia katika akaunti ya kikundi, na kutoa kunahitaji sahihi za watu watatu. Kuna kitabu cha risiti chenye nakala, kile cha duka lolote la vitabu, hakina gharama ya kumtisha mtu. Mpangaji akilipa, mwezi anaolipia unaandikwa kwa maneno, si tarakimu peke yake. Pia kila chumba kina daftari dogo la mistari linalokaa kwa mpangaji mwenyewe, nasi tunatia sahihi pale pale anapolipa. Mzee mmoja wetu alilalamika kwamba kuandika mara mbili ni kazi bure. Siku kitabu chetu kiliponyeshewa na mvua hakulalamika tena.

Kuhusu kufuli, tulienda kumwuliza mtu anayejua sheria, na tulirudi tumenyamaza. Tunayo sheria ya zamani ya nyumba za kupanga, Sura ya 296 ya Sheria za Kenya, inayolinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho ni cha miaka mingi iliyopita na mijini kimepitwa, lakini huku kwetu bado kuna vyumba vya namna hiyo. Katika nyumba hizo huwezi kumtoa mpangaji bila amri ya baraza la kodi, wala huwezi kumkatia maji au kumsumbua ili ahame. Na chumba kinachozidi hapo? Usifikiri umepewa ruhusa. Kukamata mali ya mtu kwa ajili ya kodi ni kazi ya dalali mwenye leseni, na kumtoa mtu nje kuna njia yake ya notisi na mahakama. Kung'oa mlango, kuezua mabati, kufungia vitabu vya mtoto ndani, hayo yote ni kujitafutia kesi. Sisi tulikuwa tukiyaona yakifanywa na kila mtu tukadhani ndiyo sheria.

Mtauliza, basi asiyelipa mnamfanyaje? Kwanza, tangu siku ya kuingia tunaandika jina na simu ya mzazi au mlezi, na tunampigia mzazi akiwapo mtoto mwenyewe, ili asishtukizwe. Zaidi ya nusu ya madeni huishia kwenye simu hiyo, maana wazazi wengine walikuwa wametuma pesa na pesa ikaenda kwingine. (Vijana, msituangalie hivyo. Mnajua.) Pili, tunapokea kidogo kidogo, tunaandika. Tatu, tunaye chifu na wazee wa mtaa, watu wanaosikilizwa. Anayeshindikana kabisa tunampa notisi ya maandishi ya kumaliza mwezi na kuhama, na amana yake tunaikata deni mbele yake. Tangu tuache kufuli tumepoteza kodi ya watu wawili waliohama usiku. Wawili! Kufuli zilitupotezea zaidi ya hapo katika muhula mmoja.

Tuje sasa kwenye hesabu, na hapa tunaomba mtoe kalamu. Mtu akikupigia hesabu ya vyumba vya wanafunzi atazidisha kodi kwa miezi kumi na miwili. Mwambie arudie. Mwanafunzi hakai miezi kumi na miwili. Kuna likizo ndefu, kuna mwaka ambao anakwenda kufanya mazoezi ya kazi Kisumu au Nakuru, na anayemaliza anaondoka na funguo zako. Sisi tunahesabu miezi tisa, na tukipata kumi tunashukuru.

Tuchukue mfano, si hesabu yetu. Vyumba kumi, kila kimoja shilingi 3,000. Kwa miezi kumi na miwili ni 360,000. Kwa miezi tisa ni 270,000. Ikiwa mkopo unadai 25,000 kila mwezi, mwaka mzima ni 300,000. Mmeona? Hesabu ya kwanza inakuonyesha faida ya 60,000. Ya pili inakuonyesha shimo la 30,000, na hujanunua hata kitasa. Nyumba ni ile ile, mkopo ni ule ule.

Na hata miezi tisa si ahadi. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, vyuo vilifungwa na wanafunzi wakaambiwa waende nyumbani, nao wengine wakaacha godoro na sufuria humo ndani. Tulikaa miezi tukilinda sufuria za watu. Kumdai kodi mtoto aliyefukuzwa na ugonjwa kulitushinda, na kufungua chumba chake tumpe mwingine kulitushinda pia. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma waligoma tangu Septemba mpaka mwanzo wa Novemba, siku 49. Mwanafunzi asiyefundishwa anarudi kwao kula ugali wa bure. Kikundi kinachokopa kiweke akiba ya angalau malipo ya miezi mitatu kabla ya kuanza kujenga. Kama hamuwezi kuiweka, jengeni vyumba vichache.

Ushuru nao upo. Kodi ya nyumba za kuishi ikizidi shilingi 288,000 kwa mwaka, na isipozidi milioni 15, serikali inachukua asilimia 7.5 ya kodi yote iliyopokelewa, kabla hujatoa gharama yoyote. Kiwango hicho kilianza Januari 2024. Mbele yake ilikuwa asilimia 10. Inalipwa kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Kwa kodi ya 30,000 hiyo ni 2,250. Iandikeni katika mpango tangu mwanzo, isije ikawa mgeni wa usiku.

Maji. Tungekuwa na dakika tano tu za kusimama hapa, tungezungumza juu ya maji na kukaa chini. Mwanafunzi atavumilia chumba kidogo, atavumilia jirani mwenye redio, lakini akibeba ndoo kutoka mtoni kabla ya darasa la saa moja, atahama. Mwaka wa kwanza tulijenga vyumba kwanza na tangi tukasema litakuja. Mabati yote yale, mvua ya Machi mpaka Mei ikimwagika chini, na watoto wananunua maji ya mtungi kwa mtu wa punda! Tulipoweka mifereji ya mabati na tangi, vyumba viwili vilivyokuwa vitupu vilijaa wiki hiyo. Lakini maji ya mvua hayamalizi kiangazi, kwa hiyo mpango wa maji ya pili lazima uwepo, na mtu asidanganye mpangaji kwamba "maji hayapotei".

Pamoja na maji, choo. Mwaka 2015 kipindupindu kilizuka katika kaunti zote mbili, Migori na Homa Bay, na hakikuuliza nani ni mwanafunzi na nani ni mwenye nyumba. Shimo la choo likae mbali na kisima na upande wa chini wa mteremko. Tulimwona mwenye ploti aliyechimba choo hatua chache juu ya kisima chake ili kubana nafasi apate chumba kimoja zaidi. Kabla ya kuchimba, mwiteni afisa wa afya. Kabla ya kujenga, ombeni kibali cha ujenzi cha kaunti, kwa kuwa sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 inakitaka, na jengo lisilo nacho linaweza kusimamishwa likiwa nusu.

Na jiko la makaa. Hili tunawaambia wapangaji siku ya kwanza, kabla hata ya kodi. Chumba kimoja, kimefungwa kwa sababu ya baridi ya mvua au mbu, jiko liko ndani linawaka taratibu, mtu analala. Hewa ya makaa haina harufu ya kumwamsha mtu. Anayelala humo anaweza asiamke. Kwa hiyo tulitoboa matundu ya hewa juu ya kila dirisha, na tulijenga kibanda cha kupikia uani. Wenye mtungi wa gesi wanapika ndani, lakini matundu hayazibwi kwa gazeti. Tunapita tunakagua.

Sasa tuwageukie nyinyi ambao hamna mpango wa kujenga, ila mna mtoto aliyeitwa chuo na mnamtafutia chumba. Msitume pesa ya chumba ambacho hakuna aliyekiona. Wako watu wanaopokea amana ya chumba kimoja kutoka kwa wazazi watatu. Nendeni wenyewe, au atumwe shangazi anayekaa karibu. Mkifika, msianze na mwenye nyumba. Mwombeni mpangaji maji ya kunywa, na mkiwa mnakunywa mwulizeni anayapata wapi na kwa bei gani. Mtajua yote. Tazameni ukuta chini karibu na sakafu, kama kuna mstari wa unyevu. Sukumeni mlango. Ulizeni mita ya umeme ni ya kila chumba au ni moja ya ploti nzima, maana mita moja ni ugomvi wa kila wiki: huyu ana pasi, yule ana taa tu, na wote wanachangia sawa. Tembeeni kutoka pale mpaka lango la chuo, kwa miguu, saa moja ya jioni. Msitembee mchana. Kama nyinyi mnaona giza, binti yenu ataona giza miaka minne. Chumba cha bei nafuu kilicho mbali, ukijumlisha nauli ya bodaboda kila siku, mara nyingi ni ghali kuliko cha karibu.

Halafu andikianeni, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari: kodi ni ngapi, inalipwa tarehe gani, amana ni ngapi na itarudishwa lini, likizo inalipwa au hailipwi, nani anarekebisha nini. Jambo la likizo ndilo linalozaa maneno mengi. Sisi tunatoza nusu ya kodi kwa anayetaka kushikiwa chumba likizo ndefu. Wengine wanatoza yote, wengine hawatozi. Kila mtu na sheria yake, ila iandikwe kabla.

Homa Bay mambo ni tofauti kidogo na kwetu. Kule chuo kiko mjini, na tangu kaunti zianze mwaka 2013 mji una wafanyakazi wa kaunti wanaotafuta nyumba zile zile, na mshahara wao unashinda mkopo wa mwanafunzi. Mwenye nyumba wa mjini atampendelea mfanyakazi anayelipa miezi kumi na miwili, na hatumlaumu. Kwa vikundi vya upande huo, pengine vyumba vya nje kidogo ya mji, kando ya njia ya matatu, vinafaa wanafunzi, lakini pigieni hesabu nauli yao kama yenu. Kwetu Kitere ni mashambani, mwanafunzi ndiye mteja wa pekee. Chuo kikifungwa hatuna mwingine wa kumpangisha isipokuwa ng'ombe.

Kuna wazee waliotuuliza kule nje juu ya tabia. Kwamba mvulana na msichana wanakaa chumba kimoja, kaa-tukae, na kikundi cha heshima kinapokea kodi yao. Tumelijadili sana hili, na hatukubaliani wote. Tulichoamua ni kwamba anayeandikwa ndiye anayekaa, mgeni wa kukaa atajwe, na kelele zikome saa nne. Zaidi ya hapo, mtoto wa miaka 20 ana mzazi, na sisi si polisi wa blanketi. Wengine hapa mtatushutumu. Sawa. Lakini tumegundua kwamba msichana anayetuogopa hatuambii mlango wake unapobishwa usiku, na anayetuamini anatuambia. Mwaka jana mmoja alituambia, tukaweka taa uani na kubadilisha vitasa vyote.

Na nyumba zetu zimekuwa na Waluo, Wakuria, Wakisii, Waluhya, hata kijana mmoja kutoka Kwale aliyetufundisha kupika wali wa nazi bila kuunguza. Mikutano ya wapangaji tunaifanya kwa Kiswahili, na daftari la kanuni ni la Kiswahili, ili mtu asiseme alitengwa. Kila muhula wanachagua mmoja wao wa kukaa katika kikao chetu yanapozungumzwa mambo ya ploti. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba tarehe 5 ni mbaya kwa kila mtu, tukaisogeza mpaka tarehe 10, na tukaenda kuongea na waliotukopesha wakakubali. Miaka yote ile hatukuwa tumewauliza.

Msichana wa namba sita alirudia mtihani ule mwaka uliofuata. Tulijua kwa sababu mwenyekiti wetu alisafiri mpaka kwao, na mmoja wa akina mama, kuomba radhi na kurudisha amana ambayo tulikuwa tumeikalia. Mzee aliwapokea, akahesabu pesa, akaandika risiti kwa mkono wake akawapa. Iko ndani ya kitabu chetu, imebandikwa ukurasa wa kwanza.

Mama mmoja kutoka Ndhiwa ametuuliza kama tungejenga tena tukijua haya yote. Tungejenga. Vyumba sita badala ya kumi, tangi kabla ya mlango wa kwanza, na mkopo nusu ya ule. Kitabu cha risiti, daftari la mpangaji na karatasi yetu ya makubaliano viko hapa mezani, mnaweza kunakili kabla ya chakula. Asiye na kalamu amwombe mweka hazina, ana mbili.